Jino lile lile limetibiwa mzizi mara mbili, kliniki ya pili naipa nyota nne na nusu

Kitu cha kwanza kilichonishika kwenye hii kliniki ya pili ni mfuko. Msaidizi wa daktari aliingia na mfuko mrefu, upande mmoja karatasi upande mwingine plastiki, umefungwa pande zote, akaniinulia niuone kabla hajauchana. Pembeni kulikuwa na kamstari kadogo kamegeuka kahawia, akanigusisha kidole pale akasema "dada hii ndo seti yako, imetoka kwenye mvuke, haka kamstari kakibaki pinki hatuufungui, na mfuko ukiwa umelowa au umetoboka pia hatuutumii". Halafu ndo akauchana mbele yangu. Nimekaa kwenye viti vya meno mara nyingi sana maishani na sikuwahi kuonyeshwa hivyo, siku zote navikuta vifaa vimeshapangwa kwenye trei vinang'aa na mimi naamini tu kwamba kung'aa ndo usafi.

Naandika hii riviu ndefu kwa sababu huko nyuma nilishasifia kliniki ambayo haikustahili, na nilisifia kwa sababu ya vitu ambavyo havihusiani kabisa na jino kupona. Ile ya kwanza siitaji jina na naomba msinifuate inboksi kuniuliza. Gego langu la chini kushoto lilikuwa limeoza mpaka ndani, likahitaji kutibiwa mzizi, yaani wanatoa ile nyama laini iliyokufa katikati ya jino, wanasafisha mifereji, wanaziba. Yule daktari alikuwa na mkono mwepesi kwelikweli, sindano ya ganzi hata sikuisikia, anaongea vizuri, kwa saa moja kasoro kamaliza nikatoka nimefurahi. Lakini nikikumbuka sasa hivi, muda wote ule jino likiwa wazi nilikuwa na pamba mbili tu pembeni ya ulimi, zikilowa mate anatoa anaweka nyingine, na hapo katikati nameza, nakohoa, ulimi unaenda kugusa jino, mate yanaingia. Halafu ziba ya muda aliyoniwekea ilikuwa nyembamba kama ganda la yai, ikabanduka siku ya pili tu. Nikapiga simu nikaambiwa hamna shida subiri siku yako ya miadi, nikakaa siku 5 na tundu linalopokea kila kinachopita mdomoni. Nikarudi wakaziba, basi.

Miezi 8 baadaye kikatokea kipele kwenye fizi, kidogo tu, hakiumi, kinatoa usaha wenye chumvi chumvi, kinakauka, baada ya wiki mbili tatu kinarudi pale pale. Nikarudi kwao wakanipa antibayotiki, kikatulia, kikarudi, wakanipa tena nyingine. Hapa nataka mnisikilize vizuri maana watu wengi tunaishi kwenye huu mzunguko. Jino lililokufa ndani halina damu inayopita, na dawa unayomeza inasafiri kwa damu, sasa itafikaje mle ndani ya mifereji? Inafika pembeni, kwenye mfupa na fizi, uvimbe unashuka unadhani umepona, kumbe wenye nyumba, yaani bakteria, bado wapo ndani wanaendelea kuzaana. Dawa za kumeza zina kazi yake pale maambukizi yanapoanza kusambaa, homa inapanda, uso unavimba, na kama unashindwa kumeza au kupumua vizuri hapo ni hospitali siku hiyo hiyo sio kesho. Ila kwa kipele kama changu kinachoenda na kurudi, dawa pekee ni mtu aingie ndani ya jino akawatoe.

Ndo nikaenda hii ya pili.

Daktari alipiga eksirei akanionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, mfupa umeliwa pale. Sikumuelewa kwanza nikamuuliza, si walishaitoa ile nyama, sa kinachooza ni nini? Akanieleza kitu ambacho nilienda kukisoma zaidi nyumbani. Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya mpaka ndani wakayaacha wazi. Panya wa kawaida meno yalikufa yakapata jipu. Panya waliolelewa bila kijidudu chochote, meno yaliachwa wazi vile vile, chakula kinaingia vile vile, lakini hayakuoza, yakajijengea ukuta mpya yakajifunika. Jeraha ni lile lile, tofauti ni bakteria tu. Kwa hiyo kutibu mzizi hasa hasa ni kazi ya kupambana na bakteria, kupunguza waliomo mpaka wabaki wachache mno wasioweza kuleta madhara, na kuwazuia wengine wasiingie. Kwenye meno yaliyotibiwa yakafeli kuna mmoja anapatikana mara nyingi anaitwa Enterococcus faecalis, huyu anavumilia njaa muda mrefu, anajipenyeza kwenye vijitundu vya ukuta wa jino ambavyo ni vyembamba kuliko unavyoweza kufikiria, mikroni chache tu, na anastahimili hata dawa zenye ukali wa alkali zinazoua wenzake.

Sasa tofauti kubwa niliyoiona mimi, na kama utasahau yote mengine shika hii, ni kile kipira. Kabla hajagusa jino, daktari aliweka kibanio kwenye gego, akavuta karatasi ya mpira ya bluu iliyotobolewa tundu moja, jino likachomoza peke yake na mdomo mzima ukabaki upande wa pili. Mate hayaingii kwenye jino, na dawa zake haziingii kooni. Mwanzoni unahisi kama umebanwa, unajifunza kupumua kwa pua, nilishtuka kidogo, baada ya dakika tano nikazoea mpaka nikasinzia. Hiki kifaa sio teknolojia mpya, kilianza kutumika mwaka 1864 na daktari wa meno wa Marekani, Sanford Barnum. Miaka zaidi ya 160! Na bado mimi nilitibiwa na pamba mbili. Hili linaniuma kuliko hela zote nilizopoteza.

Kusafisha kwenyewe kulichukua muda mrefu na sehemu kubwa ya huo muda sio kukwangua, ni kuosha. Faili, vile visindano vyembamba vyenye meno meno, vinatanua njia tu, lakini mifereji ya jino haijanyooka kama bomba, ina kona, ina matawi, kuna sehemu faili haigusi hata ufanyeje. Kinachofika huko ni maji ya dawa, sodiamu haipokloraiti, ukoo mmoja na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, harufu yake utaijua tu ikifika puani. Hii inaua bakteria na pia inayeyusha mabaki ya nyama iliyokufa. Alikuwa anaimwaga kidogo kidogo kwa sindano nyembamba yenye tundu ubavuni, anaisogeza juu chini haibani, maana ikibana ukasukuma kwa nguvu dawa inaweza kupita ncha ya mzizi ikaingia kwenye nyama na hiyo ni ajali mbaya, maumivu na uvimbe wa ghafla. Akaitikisa na kincha kinachotetemeka kwa sauti kali, akamwaga, akaweka mpya, hivyo hivyo mara nyingi. Halafu dawa nyingine ya kuoshea inaitwa EDTA, ya asilimia 17, kama dakika moja kutoa ule utope wa kukwangua unaoziba vijitundu.

Nikaona msaidizi anaandaa sindano nyingine ya kloheksidini, dawa nyingine ya kuua bakteria, na daktari akamwambia subiri tusuuze kwanza na maji ya chumvi. Nilipotolewa kipira nikamuuliza kwanini. Akachukua kikombe cha plastiki, akadondosha haipokloraiti, akadondosha kloheksidini juu yake, pale pale ikageuka rangi ya machungwa inayoelekea kahawia, nzito nzito. Akasema hicho kitu kikitokea ndani ya jino kinaziba vijitundu na kinapaka jino rangi, ndo maana lazima usuuze katikati. Dawa mbili nzuri kila moja kwa wakati wake, ukizikutanisha zinaharibiana. Mtu anayejali kiasi cha kukuonyesha hivyo kwenye kikombe, mimi nampa nyota zote.

Hakumaliza siku hiyo. Alijaza mifereji na uji mweupe wa kalsiamu haidroksaidi, huu una alkali kali sana, pH kama 12.5, ukakaa wiki mbili unaendelea kufanya kazi nikiwa nyumbani. Kwa yule Enterococcus uji peke yake hautoshi, ndo maana alitegemea zaidi ule uoshaji, akaniambia hivyo waziwazi. Na ziba ya muda safari hii ilikuwa nene, kama milimita 4, akaipima kabisa kabla hajaniachia. Wiki mbili haikusogea. Kipele kilikauka ndani ya siku chache na bila kidonge hata kimoja cha antibayotiki.

Siku ya kuziba nikaona kitu kidogo ambacho kimenifanya nimuamini. Vile vijiti vya rangi ya pinki vinavyojazwa kwenye mzizi, gatapecha, haviwezi kuingia kwenye mvuke maana joto linaviharibu. Watu wengi wanavitoa kwenye boksi na koleo moja kwa moja mpaka kwenye jino. Yeye alivilaza kwenye kisahani cha haipokloraiti kama dakika moja, akavisuuza, akavikausha ndo akavitumia. Dakika moja tu! Umeshasafisha jino wiki mbili nzima halafu uingize kijiti kilichoshikwa shikwa, hiyo kazi yote si umeitupa.

Niliomba kuona wanakosafishia vifaa na hawakukataa, hili peke yake linahesabika. Ni kachumba kembamba, upande mmoja vichafu vinaingia, upande wa pili visafi vinatoka, havikutani njiani. Kwanza vinaoshwa kwenye mashine ya mtetemo, kwa sababu damu au uchafu ukibaki juu ya kifaa mvuke haufiki chini yake, halafu vinakaushwa, vinafungwa kwenye mifuko, vinaingia otoklevu, ile mashine ya mvuke. Nyuzi 134 kwa dakika 3 au zaidi, au nyuzi 121 kwa dakika 15 mpaka 20, bila kuhesabu muda wa kupanda joto na kukausha. Kuchemsha kwenye sufuria hakufikii hapo, maji yanayochemka yana nyuzi 100 na kuna bakteria wanaojifunga kwenye mbegu ngumu wanavumilia hiyo. Na otoklevu yao ni ile inayonyonya hewa kwanza ndo inaingiza mvuke, maana hendipisi, ile drili inayozunguka, ina mirija ndani na hewa ikibaki humo mvuke hauingii. Na hendipisi inapaswa kuingia otoklevu baada ya kila mgonjwa, kuipangusa nje na spiriti hakutoshi kwa sababu inaweza kuvuta mate na damu ndani pale inaposimama. Ukiona drili imechomolewa kwa mgonjwa aliyetoka, ikapanguswa, ikaingia mdomoni kwako, una haki ya kusema hapana.

Kwenye meza kulikuwa na vichupa viwili vidogo, kimoja zambarau kimoja njano. Nikauliza. Kumbe ndo kipimo cha kila wiki, vina mbegu za bakteria Geobacillus stearothermophilus, huyu ni mgumu mno kwa mvuke. Kimoja kinapita kwenye mashine, kingine hakipiti, halafu vyote vinawekwa kwenye joto waote kama wapo hai. Cha njano ni kile ambacho hakikupita, bakteria wameota. Cha zambarau kimepita, hakuna aliyeota. Kamstari ka kwenye mfuko kanakwambia joto limefika tu, hiki kichupa ndo kinakwambia wamekufa kweli. Daftari lipo, tarehe zimejazwa wiki kwa wiki, nililifungua mwenyewe.

Haya tuje kwenye nusu nyota niliyokata.

Ya kwanza maji. Mirija inayopeleka maji kwenye drili ni myembamba na maji yanalala humo usiku kucha, wikendi nzima, bakteria wanajenga utando kwenye kuta za mirija na kila maji yakipita yanaubandua kidogo. Sio hadithi. Italia mwaka 2011 mama wa miaka 82 alifariki kwa nimonia ya Legionella, na wachunguzi walimfuatilia yule bakteria mpaka kwenye maji ya kiti cha daktari wa meno. Marekani mwaka 2015 kule Georgia na mwaka uliofuata California watoto waliotibiwa meno ya utoto walipata maambukizi mabaya ya bakteria anayeitwa Mycobacterium abscessus kwenye taya, chanzo maji ya mirija hiyo hiyo. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inataka maji ya matibabu ya kawaida yasizidi bakteria 500 kwa kila mililita, na kwa upasuaji yatumike maji tasa kabisa. Hii kliniki wanatumia chupa ya maji yenye dawa kwenye kiti, na nilimuona msaidizi akiachia maji yatiririke kama nusu dakika kabla ya mimi kukaa, vizuri. Lakini nilipoomba jibu la kipimo cha mwisho cha maji, mapokezi hawakujua ninaongelea nini, daktari akatafuta karatasi akaipata na ilikuwa ya miezi 11 nyuma. Jibu lilikuwa zuri ila miezi 11 ni mingi. Mnaopima otoklevu kila wiki hamshindwi kupima maji mara nyingi zaidi ya hivyo.

Ya pili glovu. Katikati ya matibabu msaidizi alivuta droo kutafuta kitu na glovu zile zile zilizokuwa mdomoni kwangu. Ile droo ndo mgonjwa anayefuata atatolewa vifaa vyake. Na virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu siku 7 au zaidi, huhitaji kuona damu kwa macho. Nilinyanyua mkono nikamuonyesha, hakukunja uso wala kununa, akavua glovu, akanawa, akapangusa mshikio wa droo na dawa, akavaa mpya, akasema asante dada. Nimekata nyota kwa kosa, lakini nampongeza kwa alivyolipokea.

Kuhusu ziba na krauni, ile kofia ya kufunika jino, sitaongea sana. Juu ya jino waliweka tabaka la glasi ayonoma kwanza, hii inaachia floraidi kidogo kidogo na inajichaji tena ukipiga mswaki na dawa yenye floraidi. Kompoziti, ile nyeupe nzuri, inavutia zaidi utando wa bakteria juu yake na ikiacha mwanya pembeni jino linaoza upya chini ya ziba bila wewe kuona. Nilimuuliza kama hakuna gundi zenye dawa ya kuua bakteria ndani yake, akasema zipo, Wajapani walitengeneza kiungo kinaitwa MDPB kinachoshikamana na gundi yenyewe na kuua wanaokigusa, ila kinaua wanaokigusa tu, mate yakishaweka tabaka juu nguvu inapungua. Kwake yeye mfuniko usiovuja una thamani kuliko dawa yoyote iliyochanganywa ndani, na kwa yaliyonikuta na ile ziba ya ganda la yai nakubaliana naye mia kwa mia. Walipochukua umbo la jino kwa ajili ya krauni, lile umbo lilisuuzwa, likaloweshwa kwenye dawa dakika 10 ndo likafungwa kwenda maabara, na krauni iliporudi nayo ikapitishwa kwenye dawa kabla ya kuingia mdomoni. Maabara inapokea midomo ya watu wengi, hilo nilikuwa sijawahi kulifikiria kabisa.

Nilipewa pia maji ya kusukutua ya kloheksidini asilimia 0.2 wiki mbili kwa ajili ya fizi. Yanafanya kazi, fizi zilitulia haraka, ila ladha ya chakula inapotea na meno yangu ya mbele yalishika rangi ya kahawia ambayo ilibidi isafishwe kliniki. Usisukutue mara tu baada ya mswaki, povu la dawa ya meno linaipunguza nguvu, subiri kama nusu saa. Na wapo wachache wanaopata mzio mkali nayo, ukianza kuwashwa au kuvimba acha na utafute msaada haraka. Mimi nisingeitumia miezi na miezi bila kuambiwa na daktari.

Sasa hivi ni miezi 6 tangu wazibe. Kipele hakijarudi hata siku moja, natafunia upande huo bila wasiwasi, na picha ya wiki iliyopita inaonyesha kile kivuli kimepungua lakini bado kipo. Daktari hajaniambia nimepona, amesema mfupa unajijenga taratibu, nirudi kwa picha ya mwaka mmoja na kama bado kuna kivuli ataendelea kunifuatilia, inaweza kufika hata miaka 4. Nikirudi kwa ile picha nitauliza tena karatasi ya maji, na nitaongezea hapa hapa tarehe yake na kivuli kimefikia wapi.